Saa 31 za binti mkubwa

Hiki ni kisa cha nyumba yangu mwenyewe, nimekiandika chote hata sehemu zinazoniaibisha, maana watu wakiongea habari za kujiendeleza huku una familia wanaruka pale pachafu wanakimbilia pa cheti na picha.

Sisi tuko Mbeya mjini, maeneo ya Ilomba. Mi ni fundi cherehani, nina fremu kule Mwanjelwa, cherehani mbili na ovaloki moja ya kuvizia. Kazi nilifundishwa na mama mdogo, yule aliyeunguliwa na cherehani zake soko la zamani la Mwanjelwa liliposhika moto 2006 akaanza upya na moja ya kuazima, kwa hiyo mi nimekulia kwenye imani kwamba mtu analala akishamaliza oda. Mume wangu ni dereva wa lori, Dar, Tunduma, anavuka mpaka Lubumbashi, akiondoka hujui ni wiki mbili au nne, inategemea foleni ya mpakani imeamkaje. Watoto watatu: binti mkubwa kidato cha pili, wa kati wa kiume darasa la nne, na mdogo wa miaka mitano ambaye kazi yake ni kuuliza.

Mi niliachia shule kidato cha pili 2009, kwa mimba, na mimba yenyewe ndo huyu binti mkubwa. Enzi hizo ukigundulika ndo basi, unafukuzwa, mwenzio aliyekupa mimba anaendelea na masomo kama hakuna kilichotokea. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliokatisha masomo hata kwa mimba waruhusiwe kurudi, mi nilikuwa nishapitwa na umri wa kuvaa sare ila wazo likanirudia, likakaa kama mwiba. Mwaka 2024 nikajiandikisha masomo ya jioni nifanye QT, ule mtihani wa maarifa wa kiwango cha kidato cha pili, ukifaulu ndo unapata njia ya kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Darasa lilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Mwanafunzi wangu wa ufundi anashika fremu, mi nikitoka darasani narudi nashona mpaka saa mbili usiku.

Sasa angalia kalenda. Binti ana upimaji wa kidato cha pili mwisho wa Oktoba, akifeli anakariri darasa. Mdogo wake wa darasa la nne naye ana upimaji wa taifa mwaka huo huo. Mi QT Novemba. Na fundi yeyote wa Mbeya atakwambia kuanzia Juni ni sare za harusi na send-off, ikifika Desemba ni yunifomu za wanaoanza fom wani, yani mwezi wa kupumua haupo. Ukituuliza miezi ya kwanza tungekujibu tunaenda vizuri tu. Nyumba ilikuwa safi, chakula kipo, mdogo anaogeshwa, mama anasoma, baba anatuma hela. Majirani wananisifia, kwenye kikoba wananitolea mfano. Nikaamini kweli nimeweza kubalansi.

Kilichofumua ni karatasi ya Jografia. Mwalimu wetu wa jioni alitupa mtihani wa kujipima, maswali ya fom tuu, nikapata 64. Nilirudi nyumbani nimepaa, nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la ndugu, wakamwaga vigelegele pale mpaka simu ikapata moto. Jumapili nikampa binti karatasi ile ile, kusema ukweli haikuwa kwa nia ya kumsaidia, nilitaka aone mama yake yumo. Akafanya, nikamsahihishia kwa majibu ya mwalimu. 37.

Na hapa ndo pa aibu, kitu cha kwanza nilichojisikia ni raha. Kama dakika moja hivi. Halafu nikamwangalia, amelala pale pale mezani, kalamu mkononi, saa tisa mchana.

Nikamuuliza usiku wake kwa upole mbona hivi, huyu mtoto darasa la saba alifaulu vizuri tu. Akasema amechoka. Umechoka nini? Akanyamaza. Mi nikawa mkali kidogo, nikamwambia mimi hapa nina kazi, nina masomo, nina ninyi, wewe una shule tu. Shule tu! Hakujibu kitu, alinyanyuka akaenda kuloweka maharage ya kesho.

Hilo la maharage ndo lilinikaa. Kwa sababu sikuwa nimemwambia aloweke, na sikukumbuka mara ya mwisho mi kuloweka maharage ilikuwa lini.

Fundi ana daftari la vipimo, kifua, kiuno, urefu wa mkono, kila mteja na ukurasa wake. Nikafungua kurasa mpya nikaandika watu wa nyumba yangu, nikasema wiki moja nitapima saa badala ya inchi, kila mtu aseme amefanya nini na kwa muda gani, na yule wa darasa la nne nikamfanya karani maana anapenda saa yake ya mkononi kuliko vitabu. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni, baridi ile ya Mbeya ya kutoa moshi mdomoni. Bahati mzuri baba yao alikuwepo siku tatu.

Mi: fremu saa 61, masomo 9, vikoba 4 (nilikuwa kwenye viwili), kazi za nyumbani 6.

Wa kati: kazi za nyumbani saa moja na nusu, nyingi ni kutumwa dukani.

Baba, siku tatu: nusu saa. Alikaza bawaba ya mlango wa jikoni, na tukampongeza wote.

Binti mkubwa: saa 31. Siku za shule saa tatu na nusu kwa siku, anaamka saa kumi na moja alfajiri awashe moto, chai, amwandae mdogo, jioni maji, chakula, vyombo, kumwogesha mdogo, kumkagua wa kati madaftari. Jumamosi saa nane, hiyo ni siku ya kufua. Jumapili saa tano na nusu. Na kujisomea kwa wiki nzima, saa mbili na dakika ishirini.

Mi nilirudia kujumlisha. Nilidhani karani kakosea.

Kwa hiyo nilichoita balansi ilikuwa ni mtoto wa miaka 14 amesimama katikati ameshika huku na huku. Saa zangu tisa za masomo sikuzitoa fremu, fremu ilibaki na saa zake zote, sikuzitoa kikoba, wala usingizini. Zilitoka kwake, pamoja na riba. Na kwa mtoto yule yule niliyeachia shule kwa ajili yake, sasa yeye anaanza kuachia yake kwa ajili yangu, darasa lile lile. Nilikaa nje kwenye ngazi usiku ule mpaka baba yao akaja kuniuliza kama nina malaria.

Watu wengi nikiwasimulia wanauliza mbona binti hakusema. Nilimuuliza hilo hilo. Akasema, "Mama, ningesema ungeacha shule."

Sasa nieleze inakuaje mpaka hapo, kwa sababu hakuna aliyekaa kikao akaamua kumwonea. Ilianza na kidogo tu, niamshie mdogo wako, niinjikie maji. Akafanya vizuri. Na mtoto wa kike akifanya kitu vizuri anaongezewa kingine, sifa ndo kodi yenyewe. Shangazi zake wakija, oo huyu ana utu uzima, oo huyu ni mama kabisa. Mi mwenyewe nilikuwa namwita "mama mdogo" kwa utani. Kitu kingine, kila kilichokuwa na hela au cheti kilikuwa na mahali pa kuandikwa, oda ina daftari, kikoba kina kitabu na faini, masomo yana mahudhurio, lakini maharage hayana daftari popote, kwa hiyo hata ukipekua huoni yameongezeka.

Nilianza kurekebisha vibaya. Kwanza nikatengeneza ratiba, manila kubwa ukutani, kalamu za rangi nne, kila mtu na kisanduku chake. Ikadumu siku tisa. Ratiba ilikuwa inaamini maji ya bomba yatatoka saa kumi na mbili jioni, kumbe kwetu yanatoka yakijisikia, mara saa tano usiku, na yakitoka lazima mtu aamke akinge, na anayeamka unamjua. Halafu nikasema basi, mi nitaamka saa kumi alfajiri nifanye zile kazi zake. Nikafanya wiki mbili. Siku moja nikiwa nakata blauzi za satini za kamati moja ya send-off nikakata mikono kumi na minne yote ya kushoto. Yote. Satini ina uso wake, huwezi kugeuza ukajifanya hujui. Nikanunua mita sita kwa hela yangu na mteja hakurudi tena, simlaumu.

Nikajaribu dada wa kazi. Mama mmoja akaniletea binti kutoka kijijini, mwenyewe anasema ana miaka 14, mi nilimwona 12 kama si chini, amebeba kimfuko cha rambo na ndala. Akasimama pale mlangoni na binti yangu amesimama huku, wanalingana kimo. Nikampa chai, akalala kwetu usiku mmoja, asubuhi nikamlipia nauli yule mama amrudishe. Sheria ya kazi inakataza kuajiri mtoto chini ya miaka 14, hilo nalijua, ila sitajifanya ni sheria iliyonisukuma. Ningekuwa nimetoa mzigo kwa mtoto mmoja nikamtwika mtoto mwingine ambaye mama yake hana daftari la vipimo.

Kilichosaidia kilikuja kwa njia ya kipuuzi. Tandiboi wa mume wangu alipita nyumbani kuchukua begi, nikampa ugali na mboga, akala huku anasifu, kisha akasema shemeji chakula kizuri lakini pilau la bosi hujafikia. Pilau la nani? La bosi, si anapika yeye tukiwa foleni ya mpakani pale Nakonde, tuna jiko la gesi pale ubavuni, bosi ndo mpishi, madereva wengine wanakuja kuombea. Jamani. Miaka 15 ya ndoa. Mtu huyu akifika kwangu hajui chumvi inakaa wapi, anakaa kwenye kochi kama mgeni wa kutoka ubalozini na mi namchinjia kuku, na hapo nikiri, kosa ni la wote wawili, mi ndo nilimfanya mgeni. Akirudi nawatisha watoto msipige kelele baba kachoka. Kweli anachoka, barabara ile na mlima Kitonga si mchezo. Lakini siku nne anazokaa nyumbani halali zote.

Nikamwekea daftari mezani, ukurasa wa binti na ukurasa wake. Hakubisha. Alisoma, akauliza "hii nusu saa ni bawaba?", akacheka peke yake, halafu hakucheka tena. Kesho yake alipika pilau. Ni kweli ni tamu kuliko langu.

Kingine ilibidi kushusha, kupanga upya hakukuwa kumetosha. Nilitoka kikoba kimoja, kile cha Jumapili, walinisema sana, nikalipa deni nikaondoka. Siku za darasa nikaacha kurudi fremu, nikitoka saa kumi na mbili naenda nyumbani moja kwa moja, mwanafunzi wangu anafunga. Kuanzia Agosti mpaka mtihani sikupokea sare za harusi za watu zaidi ya wanane. Hizo zote kwa pamoja zilinikata kama 80,000 kwa mwezi, na sitasema haikuuma, mwezi wa Septemba tulikula viazi mpaka mdogo akauliza kama mchele wa Kyela umeisha duniani. Maharage tukawa tunachemsha sufuria kubwa mara mbili kwa wiki, mi ndo nachemsha. Wa kati akapewa maji na vyombo.

Hapo pa vyombo ndo palileta vita. Mama mkwe alishuka kutoka Tukuyu kwa ajili ya kliniki ya presha, na mkungu wa ndizi kama kawaida yake, akamkuta mjukuu wa kiume amekunja mikono kwenye karai la vyombo. Hakusema kwangu, alisema kwa ukuta: siku hizi wanaume wanazaliwa wa kuoshea masufuria. Nikanyamaza, yule ni mkwe wangu na hajawahi kuniacha hata siku moja, mi nilipofukuzwa shule ni yeye aliyenipokea. Nikampigia simu mwanae akiwa huko Zambia, nikampa simu mama yake, nikatoka nje. Waliongea Kinyakyusa muda mrefu, niliyoyasikia ni machache. Aliporudisha simu alisema tu "basi aoshe, lakini na vya kwangu avioshe vizuri". Mpaka leo akija anakagua vikombe kwenye mwanga.

Na binti tulimpa nini? Alichagua mwenyewe, alisema Jumanne na Alhamisi jioni asiguswe. Hata kuitwa asiitwe. Tukakubali. Mi nilivunja ahadi hiyo mara tatu, moja nilikuwa na oda ya msiba, sare za familia ziende Tukuyu asubuhi, mbili ni uzembe tu, nilijisahau nikaita jina lake kwa mazoea, midomo ilikuwa ishazoea. Mara ya tatu alikuja na kitabu mkononi akasimama akaniangalia tu. Nikamwambia rudi.

Jumapili jioni tulianza kusoma pamoja, mi na yeye, meza moja. Watu wakisikia hii wanaona nzuri sana, mama na binti, ila ukweli tuligombana zaidi ya tulivyosoma. Yeye aljebra anaielekeza kwa haraka anakasirika, mi historia najua kuliko yeye kwa sababu nilishaishi kidogo. Tukaacha hesabu nikatafuta msaada kwa mwenzangu wa darasani, dereva bajaji wa Kabwe ambaye ana kichwa cha namba hatari.

Septemba tukapima tena wiki moja. Binti 14. Wa kati 8, analalamika. Mi kazi za nyumbani 13, fremu 55, masomo 8. Baba alikuwepo siku nne, saa 7, na bawaba haikuhesabiwa. Kujisomea kwa binti kulifika saa kumi na moja. Saa 14 bado ni nyingi kwa mwanafunzi, najua, majirani zangu wengine wanasema hizo ni kazi za kawaida za kumfundisha mtoto wa kike maisha. Sawa. Ila wa kiume naye anaishi kwenye maisha hayo hayo.

Mitihani ikapita. Matokeo yalitoka Januari. Binti alivuka kwenda kidato cha tatu, Jografia C, Hesabu F ile ile haikutikisika. Mi QT nilifaulu. Yule wa darasa la nne alivuka pia, anadai ni kwa sababu ya vyombo, eti anakariri huku anaosha. Mteja wa satini sijamwona mpaka leo, nikikutana naye Soweto sokoni napita upande wa pili.

Februari nilikuta daftari la vipimo halipo fremu, kumbe binti amelichukua. Amepiga mistari kwa rula, wiki nzima kaandika nyumba yote bila kutuambia, na safari hii ameongeza safu ambayo mi sikuwahi kuiweka. Nikasoma jina langu, nikafuata mstari na kidole: "Mama, simu: saa 11 na nusu." Nikabisha pale pale, nikasema haiwezekani, mtu mwenye cherehani mbili anapata wapi saa kumi na moja. Akanyoosha mkono nimpe simu, akaingia huko ndani kwenye setingi, akanigeuzia kioo.

Zilikuwa kumi na mbili.